Siku Redio Alipoletewa Televisheni

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hata mkewe, akizungumza na watu, alisema "huyu Redio wangu." Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Alikuwa mtu mfupi, mikono imejaa makovu madogo ya kukwaruzwa na mabati, na mdomo wake haukujua likizo. Ukimpelekea friji iliyogoma kugandisha, alikutengenezea, na papo hapo akakusimulia friji ile ilikuwa inawaza nini hadi ikagoma. Wateja walicheka mpaka wakasahau kulalamika kwamba nyama zao zimeharibika.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, na kwa maneno alikuwa kinyume chake kabisa. Alizoea kushika pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni haropoki. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, ikigusana na meza ya kulia. Watoto wao wawili walikuwa wamekua, mmoja ameoa na mwingine ameolewa, kila mtu na kwake. Nyumba ikabaki na watu wawili.

Redio alikuwa na ugonjwa mmoja tu, mpira. Nyumbani walikuwa na televisheni ndogo ya zamani, yenye kisogo kama cha kobe, ambayo wachezaji walionekana humo kama siafu waliomwagiwa maji. Kwa hiyo timu yake ikicheza, Redio alivaa viatu akaenda kwenye banda la mpira nyuma ya soko, yeye na rafiki yake mwashi, wakabanana na wenzao kwenye mabenchi ya mbao. Alirudi giza limeingia, chakula kimefunikwa mezani, mkewe yuko kwenye cherehani.

Hapo ndipo mechi ilipoanza upya. Redio hakula kwanza. Alipanga vikombe na vijiko juu ya meza, huyu beki, huyu kipa, kisha akanyoosha mkono akachukua kibunda cha uzi kwenye cherehani ya mkewe kiwe mpira.

"Sikiliza, mama watoto. Yule beki wetu mrefu, yule anayekimbia kama amebeba ndoo ya maji kichwani, si akapewa pasi! Akautazama mpira. Mpira ukamtazama. Hakuna aliyemtambua mwenzake."

"Umemaliza?" mkewe aliuliza bila kuinua macho.

"Nimemaliza wapi! Hata refa hajakohoa bado."

"Basi nirudishie uzi wangu."

Ndivyo walivyoishi miaka na miaka. Yule mama hakuwahi kukanyaga banda la mpira, lakini aliwajua wachezaji wote kwa tabia zao, kama mtu anavyowajua wapangaji wenzake. Siku moja alikuwa kwa mteja anapima madirisha, akasikia kwamba yule kipa wa mumewe amevunjika kidole. Alishona ovyo siku nzima, mshono ukapanda ukashuka. Hakumwambia mtu. Redio aliporudi jioni kumpa habari ile ile, mkewe aliitikia "Ehee," akaendelea kukanyaga cherehani.

Kilichomuudhi si masimulizi. Kilichomuudhi ni zile saa kabla ya masimulizi, nyumba imenyamaza, anasikia majirani wakicheka na waume zao upande wa pili wa ukuta. Akamlalamikia wifi yake, dada wa Redio, mwenye duka la viatu, mwanamke ambaye ushauri haukumwishia hata akiwa mgonjwa.

"Wifi, kaka yako ameoa banda. Mimi hapa ni mke mdogo."

"Na wewe umekaa unamtazama tu?" wifi alisema. "Paka hafungwi kamba, paka huwekewa maziwa. Nunua televisheni. Lakini si kitelevisheni, nunua kubwa hasa! Akiona nyasi za uwanja zinaota sebuleni kwake, atatoka aende wapi?"

Neno lile likamkaa. Alipomaliza kushona mapazia ya ukumbi mmoja wa mikutano, kazi kubwa iliyomchosha mgongo, alisema malipo yake yasiishie kwenye sufuria. Jumamosi asubuhi akamwambia mumewe avae shati safi, wanakwenda dukani. Wifi naye akaja, maana shughuli haikosi msimamizi.

Duka lilikuwa na ukuta mzima wa televisheni, zote zikionyesha kasuku mmoja, mwekundu kuliko kasuku yeyote aliyeumbwa. Muuzaji, mtu mwenye tai na sauti ya upole, aliwatembeza.

"Hii hapa, mama, picha yake ni safi sana. Ukionyeshwa chungu anatembea, unahesabu miguu yake."

"Chungu ninao nyumbani," mama mapazia alimjibu. "Mimi nataka ya mpira."

"Ya mpira! Basi uangalie isiwe ile ambayo mpira ukipigwa kwa nguvu unaacha mkia kama kimondo. Njoo huku. Na dirisha lenu liko upande gani? Mwanga ukiigonga hii, mtaona nyuso zenu wenyewe badala ya wachezaji."

Maswali ya namna hiyo aliyapenda. Alitoa futi yake ya kitambaa mkobani, akaanza kupima televisheni moja baada ya nyingine, upana na urefu, kama madirisha. Alikuwa ameshapima sebule yake tangu jana. Alipomtajia muuzaji umbali wa kutoka kochi hadi ukuta, yule bwana alitikisa kichwa.

"Kwa chumba hicho, mama, inchi hamsini na tano inawatosha kabisa. Mkizidisha, mtakuwa mnageuza shingo kufuata mpira, kama watu waliokaa kando ya barabara."

"Kaka," wifi alimdakia muuzaji, "tusaidie kununua. Usitusaidie kupunguza."

Wakati wanabishana, muuzaji mwingine alibadilisha kasuku, akaweka marudio ya mechi. Redio alikuwa amesimama nyuma na mikono mfukoni. Alimwona mshambuliaji akianguka kwenye boksi, na ule mdomo ukaamka wenyewe.

"Jamani, mwoneni! Huyu hakuguswa hata na upepo. Huyu ameanguka kama friji imeteremshwa na watu wawili walionuniana!"

Mtu mmoja akacheka. Redio akaendelea. Akamweleza refa, akamweleza kocha anayetafuna kola ya koti lake, akayumba mwenyewe pale kati ya maboksi kumwiga beki aliyepigwa chenga. Wanunuzi wakasogea. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaja, mzee mmoja akaacha kuulizia feni yake. Kabla muda mrefu haujapita, watu kumi na kitu walikuwa wamesimama duara, wamezipa mgongo televisheni zote zile zinazong'aa, wanamtazama fundi friji mfupi.

Mkewe aligeuka akaona. Akaona pia kwamba wafanyakazi wa duka wanatazama, na kwamba shati la mumewe limechomoka kiunoni. Aibu ikamshika. Akapenya, akamvuta mkono wa shati.

"Basi, baba," alimwambia chini chini. "Watu wanatutazama."

Redio alikatika katikati ya neno. Akachomekea shati. Watu wakatawanyika wakicheka bado, na yule mzee akarudi kwenye feni.

"Tumechagua ile," mkewe alimwonyesha. Ilikuwa ile ya inchi sabini na tano, peke yake juu ya jukwaa dogo, kama bibi harusi.

Redio aliitazama. "Kubwa hivyo ya nini, mama watoto? Mbona ile ya katikati inatosha?"

"Nataka usihangaike tena," alisema. Alitaka kusema zaidi. Alitaka kumwambia kwamba nyumba huwa baridi anapokuwa hayupo. Lakini wifi yuko pale, muuzaji yuko pale, na maneno ya namna ile hakuzoea kuyatoa hata wakiwa wawili. Akasema tu, "Sasa mpira utatangazwa hapo hapo nyumbani, na wanaojua kutangaza. Utapumzika."

Redio alimtazama kidogo, akaitazama tena televisheni. "Haya," alisema. "Kama ndivyo unavyotaka."

Boksi lilipofika mtaani, majirani walitoka. "Redio kaletewa televisheni!" mtu alipiga kelele. "Leo sauti imepata picha!" Redio alicheka na wote. Mwashi ndiye aliyetoboa ukuta, na alipopandisha chombo kile, kikajaza nafasi yote kati ya mlango wa chumbani na pembe ya nyumba. Ikaonekana wazi kwamba makochi lazima yarudi nyuma, na meza ya kulia haina tena mahali. Wifi akasema yeye ataichukua. Cherehani ikahamia chumbani, maana kelele zake zingekatiza sauti. Dirisha nalo lilikuwa linarusha mwanga kwenye kioo, kwa hiyo mama mapazia alishona pazia zito la rangi ya kahawa, akalifunga mchana na jioni. Makochi mawili yaliyozoea kutazamana sasa yalikaa sambamba, yote yameelekea ukutani, kama viti vya kungojea daktari.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Redio hakwenda tena bandani. Marafiki walikuja, wakakaa hadi chini, wakasifu nyasi. Mkewe alikaa naye kochini, bega kwa bega, akijiambia kwamba wifi ana akili. Kwa simu alimwambia binti yake, "Baba yako sasa ni mtu wa nyumbani."

Kisha marafiki wakapungua. Kwa mtu huwezi kutukana refa kwa uhuru, wala kutema maganda ya karanga. Mwashi naye alikuja mara ya mwisho, akaaga kwa heshima, hakurudi. Wakabaki wao wawili na watangazaji.

Mkewe alichelewa kugundua. Alidhani mumewe amechoka na kazi, au ni umri. Redio alikaa, alitazama, mechi ikaisha, akasema "Tumeshinda" au "Tumefungwa," akaenda kuoga. Walikula sahani mapajani, macho ukutani. Siku moja mkewe alikuwa jikoni anageuza samaki, akasikia uwanja mzima ukilipuka. Alikimbia na mwiko mkononi.

"Kumetokea nini? Nani kafunga?"

Redio hakugeuka. "Subiri," alisema. "Watarudia."

Na kweli walirudia. Walirudia kutoka mbele, kutoka juu, polepole hadi jasho likaonekana likidondoka. Aliona kila kitu. Alirudi jikoni akakuta samaki ameungua upande mmoja, akasimama mbele ya kikaango bila kujua kwa nini ana hamu ya kulia.

Mwaka ukapita, ukaanza mwingine. Siku moja aliitwa kupima madirisha ya nyumba mpya iliyokuwa bado inapigwa lipu. Akamkuta mwashi juu ya jukwaa, amejaa saruji hadi kwenye nyusi.

"Shemeji!" mwashi aliteremka. "Redio mzima? Nimemwona majuzi, nikamsalimu, akaniitikia neno moja. Nikajiuliza, huyu ndiye au pacha wake?"

"Mzima. Siku hizi ametulia."

"Ametulia!" Mwashi alipangusa mikono kwenye suruali. "Bandani tulikuwa tunamcheka sana, unajua? Mechi inachemka, watu wamesimama, yeye amefumba macho. Midomo inacheza. Ukimuuliza, anasema, 'Ngoja, hii naipanga. Hii lazima nimpelekee mama, lakini nikiitoa hivi hivi hatacheka.' Magoli mengine hata hakuyaona, shemeji. Mimi ndiye nilikuwa namwambia nani kafunga. Na anasema wewe ni mgumu kucheka kuliko wote, kwamba siku ukitikisa bega tu, anajua ameshinda kombe."

Mama mapazia alikuwa ameshika futi mkononi. Aliuliza, "Alisema hivyo?"

"Kila mechi. Kwani hukujua?"

Alipima madirisha yale, akayapima tena, na bado alipofika nyumbani akakuta vipimo haviingiliani.

Jumapili ile, alasiri, timu ya Redio ilikuwa inacheza. Mkewe alikaa kando yake kama kawaida. Mpira ulipoanza, akachukua rimoti, akazima sauti.

"Imeharibika?" Redio aliuliza.

"Nimezima mimi. Nataka unisimulie wewe."

Redio alimtazama kama mtu aliyeombwa aimbe msibani. "Nikusimulie nini? Si unaona mwenyewe?"

"Nisimulie tu. Kama zamani."

Akaigeukia televisheni. Wachezaji walikimbia kimya kimya, wakubwa, wanang'aa. Redio akakohoa. "Haya. Namba saba ana mpira. Anapiga krosi." Akanyamaza. "Imetoka nje." Kisha akanyoosha mkono aombe rimoti.

Mkewe hakumpa. "Kwa nini uliacha?"

"Kuacha nini?"

"Kunisimulia."

Redio alikuna kovu moja kwenye kidole gumba, muda mrefu. Aliposema, sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe zaidi.

"Mama watoto, wewe si ndiye ulisema nipumzike? Pale dukani. Ulinivuta shati, ukasema wapo wanaojua kutangaza. Nikasema moyoni, masikini, mke wangu amechoka na mdomo wangu miaka yote hii, na kwa kuwa ana heshima hakunikatiza. Ameamua kununua kitu kikubwa kuliko mimi. Sikukasirika. Nilijua nakuchosha. Kila siku ulikuwa unaniuliza kama nimemaliza."

"Lakini nilikuwa nauliza tu!"

"Na mimi nilikuwa nasikia."

Alitaka kumwambia yote kwa mara moja: kidole cha kipa, mshono uliopanda na kushuka, zile saa za kungoja viatu vyake mlangoni. Alitaka kusema kwamba televisheni ile ilinunuliwa ili apate kukaa karibu na mdomo ule, si kuunyamazisha. Alisema kwa kukatakata, kama mtu anayetembea gizani kwenye chumba cha watu, na machozi yakamwingilia. Redio alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamshika mkono.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Wewe ulikuwa umenipa mgongo, unashona."

Hawakugombana. Lingekuwa jambo jepesi zaidi kama wangegombana. Mkewe alisema kesho yake wataitoa ile televisheni ukutani, waiuze, warudishe meza. Redio akacheka kidogo akasema kuitoa kuna faida gani sasa, ukuta umeshakuwa na mashimo makubwa, na meza dada yake ameshaikata, ameitengenezea rafu za viatu. "Wala si kosa la televisheni," alisema. "Inaonyesha vizuri."

Mkewe akamwambia arudi bandani. Alikwenda, kwa kumridhisha, mechi iliyofuata. Alikuta vijana asiowajua, kila mmoja na simu yake mkononi anatazama mechi nyingine. Alirudi mapema. Mkewe alikuwa amemngoja kochini, mikono mitupu mapajani, hana pini, hana kitambaa, uso wote amemwelekezea yeye. Redio alisimama mlangoni akauona uso ule unaomngoja, akashikwa na woga kama mtu aliyepandishwa jukwaani.

"Tumetoka sare," alisema. "Moja moja." Akafikiri. "Goli letu lilikuwa zuri."

"Lilikuwaje?"

"Zuri tu. La kichwa." Akakaa, akavua viatu. "Nilijaribu kulipanga njiani, mama. Lakini kila neno nikilishika, nasikia yule mtangazaji alivyolisema. Nimemsikiliza mno."

Tangu hapo mama mapazia hajamlazimisha. Televisheni bado iko ukutani, wanaitazama, na amejifunza kusema mambo ambayo zamani aliyameza pamoja na pini. Humwambia samaki aliyemleta ni mzuri, humwambia amemkumbuka mchana. Redio hupokea kwa haya, kama mtu anayepewa zawadi wakati siku yake ya kuzaliwa imeshapita. Mtaani wageni waliohamia karibuni humsikia akiitwa Redio, wanadhani huenda zamani alikuwa fundi wa redio.

Juzi alirudi kutoka kazini, akakaa, na kabla hajashika rimoti akasema, bila kuombwa, "Leo kulikuwa na friji moja shuleni. Imekataa kabisa kuwaka. Kumbe panya kajenga ndani ya mota."

Mkewe aligeuka haraka, kisha akajizuia, asije akamtisha. "Halafu?" aliuliza.

"Halafu nikamtoa. Ikawaka."

Hakuwa mtu wa maswali. Miaka yote ile hakuyahitaji, majibu yalikuwa yanakuja yenyewe, hadi yanamwagika. Sasa akatafuta swali lingine, akatafuta, akapata moja.

"Na panya je? Alisemaje?"

Pembe moja ya mdomo wa Redio ilitikisika, akafumba macho kidogo, na mkewe akabana pumzi.

"Hakusema kitu," Redio alijibu hatimaye. "Alikuwa amekufa." Akainuka taratibu kwenda kunawa mikono.